Papa wa Bajeti Ndogo: Namna ya Kutazama, Kupima na Kuandika Maoni Yanayomsaidia Mtazamaji Mwingine

Filamu ya papa muuaji iliyotengenezwa kwa pesa kidogo huwa inapata maoni ya aina mbili: "papa feki, msipoteze muda" na "mbovu lakini nimecheka mpaka basi". Yote mawili yanaweza kuwa kweli, na hakuna hata moja linalomsaidia mtu anayetaka kujua aiweke leo usiku au atafute nyingine. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuitazama filamu ya aina hii, kuandika ulichokiona, na kuipa alama ambazo mtu mwingine anaweza kuziamini.

Kanuni inayobeba mengine yote ni hii: tenganisha kilichoharibika kwa kukosa pesa na kilichoharibika kwa uvivu. Papa anayeaminika ni ghali. Mazungumzo yanayoaminika yanagharimu karatasi na muda wa kuyasahihisha. Mtazamaji aliyezoea filamu hizi husamehe la kwanza, na ana haki ya kukasirikia la pili.

Kabla hujabonyeza "cheza"

Jiulize kwanza filamu yenyewe inataka kuwa nini. Zipo zinazotaka kutisha, na zipo zinazotaka kuchekesha kwa upuuzi wa makusudi. Sharknado ya 2013, iliyotengenezwa kwa ajili ya televisheni, inarusha papa mjini kwa kimbunga. Kuilalamikia kwamba papa hawaruki angani ni kujichosha bure. Open Water ya 2003 inahusu wazamiaji wawili walioachwa baharini, ilipigwa kwa kamera za video za dijitali pamoja na papa halisi, na haina mzaha hata kidogo. Zote mbili ni za bajeti ndogo na haziwezi kupimwa kwa rula moja.

Jina, trela na dakika 10 za mwanzo kwa kawaida hutosha kukuonyesha uko upande upi. Zinazosumbua ni zile zisizojijua: zinaanza na msiba wa familia, katikati zinamkonyeza mtazamaji, mwishoni zinadai machozi. Hilo liandike, kwa sababu ni kosa la mwongozaji na bajeti haihusiki.

Posta, yaani bango la kuitangaza filamu, ipuuze. Mara nyingi msambazaji ndiye huiagiza, na papa aliyechorwa pale akiwa mkubwa kuliko meli hakuwahi kuwa sehemu ya mpango wa waliopiga filamu. Trela ni habari nyingine. Ikiwa papa wote waliomo kwenye filamu wameshaonekana kwenye trela ya dakika 2, msomaji wako anahitaji kujua hivyo kabla hajatoa pesa yake.

Halafu angalia unatazamia nini. Maonyesho ya usiku ndani ya maji ndiyo ya kwanza kuharibika picha inapobanwa ili ipite kwenye intaneti ya polepole: giza linakatika vigae vya mraba, na papa anayenyemelea anageuka doa la kijivu. Pandisha ubora hadi 1080p, zima taa za chumbani, rudia sehemu hiyo, ndipo useme picha ni mbaya. Spika ya simu nayo haitoi besi, wakati nusu ya vitisho vya filamu hizi imewekwa kwenye besi. Tumia spika za masikioni. Maoni mengi yanayosema "haitishi kabisa" yameandikwa na watu waliotazama kwenye simu mchana wa jua kali.

Kutazama mara mbili, saa ikiwa karibu

Mara ya kwanza usiandike chochote. Tazama kama mtu yeyote, na ukimaliza tu jibu maswali matatu kwa sentensi moja moja: wapi uliogopa, wapi uliangalia saa, mhusika gani hukutaka afe. Majibu hayo usiyabadilishe baadaye hata uchambuzi ukikwambia vingine, kwa sababu ndiyo maoni yako halisi. Yaliyobaki yote ni kutafuta sababu zake.

Mara ya pili shika karatasi yenye safu nne: muda, kinachoonekana, kinachosikika, tatizo. Rekodi hasa mambo haya:

1. Dakika ya kifo au shambulio la kwanza.
2. Dakika ya dalili ya kwanza ya papa: pezi, kivuli, boya linalozama, samaki wanaotawanyika.
3. Dakika papa mzima anapoonekana mara ya kwanza.
4. Kila anapotokea baada ya hapo, na kwa sekunde ngapi. Jumlisha mwishoni.
5. Kila kipindi kirefu ambacho hakuna tishio, hakuna habari mpya na hakuna uamuzi wowote unaofanywa.
6. Dakika majina ya watengenezaji yanapoanza kupanda mwishoni.

Hili la sita linadharauliwa bila sababu. Filamu nyingi za aina hii zinatangazwa kuwa za dakika 85 au 90. Toa majina yanayopanda kwa mwendo wa kobe, toa utangulizi wenye picha za bahari kutoka juu, toa maonyesho ya kukumbuka yanayorudia ulichokwisha kuona, kisha uone hadithi imebaki dakika ngapi. Zikibaki 68, sema 68.

Jumla ya sekunde za papa peke yake haina maana mpaka uilinganishe na namba 2 na 3. Filamu inaweza kumwonyesha papa dakika 3 tu na ikatisha, endapo dalili zimeanza mapema na zinakaribia taratibu. Nyingine inamwonyesha dakika 11 na inachosha, kwa sababu alionekana mzima dakika ya 2 na hakuna kilichobaki cha kusubiri. Mfano wa kufundishia ni Jaws ya 1975. Papa wake wa mashine walisumbuliwa sana na maji ya chumvi, na upigaji picha uliopangwa kuchukua siku 55 ukafika 159. Ikabidi papa awakilishwe na pezi, na mapipa ya manjano yanayovutwa juu ya maji, na muziki, hadi zaidi ya saa moja ipite ndipo anaonekana vizuri. Haikuwa filamu ya bei rahisi, lakini mbinu zenyewe ni rahisi, na mtengenezaji mwenye pesa kidogo asiyezitumia hana kisingizio.

Kwa hiyo ukiona filamu fukara inamtoa papa wake dhaifu hadharani mapema, kwenye mwanga mkali, akiwa peke yake katikati ya fremu, kosa kubwa zaidi ni la uamuzi. Pesa ni kosa la pili.

Papa mwenyewe: ametengenezwa vipi, na anaharibikia wapi

"Papa feki" haielezi kitu. Papa wote wa filamu ni feki, isipokuwa wachache. Taja aina, kisha taja kinachomvunja.

*Papa wa kompyuta.* Tazama mahali anapokutana na maji kabla hujamtazama yeye. Maji ndiyo magumu kuyatengeneza, si ngozi. Pezi linalokata uso wa maji lazima lisukume wimbi dogo mbele, liache mkia wa povu nyuma, na lilowane. Bajeti ikiwa ndogo pezi hupita kana kwamba maji hayapo. Pili ni kivuli: kwenye maji mafupi yenye mchanga mweupe, papa asiye na kivuli chini yake anaonekana amebandikwa. Tatu ni mwanga. Jua likiwa kushoto kwa waigizaji na kulia kwa papa, jicho linakataa hata kama mtazamaji hajui ni kwa nini. Nne ni uzito. Mnyama wa tani moja akiruka na kuangukia boti, boti inatakiwa ilale upande na maji yafurike ndani. Mara nyingi boti haitikisiki, ila waigizaji ndio wanaojitupa huku na kule.

Chunguza pia marudio. Kutengeneza mwendo mmoja wa kuogelea kunachukua kazi nyingi, kwa hiyo mwendo huohuo hutumika mara tano au sita, mara nyingine picha ikigeuzwa kushoto kulia. Chagua alama moja mwilini, kovu au jino lililovunjika. Ikihama upande, picha imegeuzwa. Papa anayepita mara mbili na viputo vilevile kwa mpangilio uleule ni shoti ile ile, yaani kipande kilekile cha picha. Ukizitambua shoti tatu zilizorudiwa, ziandike pamoja na muda wake. Mstari huo mmoja una uzito kuliko aya nzima ya matusi.

*Papa wa mpira au wa mashine.* Faida yake ni kwamba yumo majini kweli: analowana, anasukuma maji, mwigizaji anaweza kumgusa. Udhaifu wake ni shingo na mkia. Papa hai hujipinda mwili mzima na kusukuma mkia kushoto na kulia, wakati wa mpira huja moja kwa moja kama mlango unaosukumwa, taya tu zikifunguka na kufunga. Mwongozaji mzuri hukata shoti kabla jicho halijashika kasoro, sekunde moja au moja na nusu. Ukiona papa wa mpira ameachwa mbele ya kamera kwa sekunde 4 na zaidi, mhariri amelala. Wengi wetu, tukilazimika kuchagua, tungemchukua wa mpira aliyepigwa vizuri kuliko wa kompyuta aliyepigwa ovyo, lakini huo ni upendeleo, na ukiwa nao useme wazi.

*Papa mdogo wa modeli.* Hawa ni wachache siku hizi. Wanaumbuliwa na matone: tone la maji haliwezi kupunguzwa, kwa hiyo maji yanayoruka kuzunguka modeli yanaonekana makubwa mno na yanaanguka haraka mno. Dawa yake ya zamani ni kupiga kwa fremu (picha moja moja zinazounda filamu) nyingi zaidi kwa sekunde kisha kuonyesha kwa 24 za kawaida. Modeli iliyopunguzwa mara 4 inahitaji fremu 48 hivi, iliyopunguzwa mara 9 inahitaji 72. Mwendo wa maji ukionekana wa haraka kama wa beseni, hatua hiyo ilirukwa.

*Papa halisi.* Picha za papa hai hupigwa upya au hununuliwa zikiwa tayari. The Reef ya 2010 iliunganisha picha za papa weupe halisi na waigizaji wake, na kwa kuwa rangi na mwanga vimelinganishwa, mshono hauonekani kirahisi. Picha za kununua zikitumiwa kizembe hujianika kwa mambo matatu: rangi ya maji inabadilika kutoka kijani hadi buluu ndani ya shambulio moja, chembechembe za picha zinaongezeka au kupungua ghafla, na papa anabadilika spishi. Hili la mwisho hutokea kuliko watu wanavyodhani. Papa mweupe ana mgongo wa kijivu, tumbo jeupe lenye mpaka mkali ubavuni, na pua iliyochongoka. Papa mwenye milia ana pua butu na mistari hafifu ubavuni. Akiingia wa kwanza kwenye fremu na akauma wa pili, andika.

Maji

Shoti nyingi za "bahari kuu" zimepigwa kwenye bwawa au tangi. Hakuna ubaya wowote. Ni salama zaidi na mwanga unadhibitika. Kosa ni kuachia bwawa lionekane. Dalili zake: viwimbi vifupi vinavyorudi kutoka ukutani na kupishana, upeo wa macho usioonekana kamwe kwa sababu kamera imeelekezwa chini muda wote, maji yasiyo na chembe hata moja inayoelea, na mstari ulionyooka mno chini ambao ni pembe ya sakafu.

Damu nayo ni kipimo kizuri. Mwanga mwekundu humezwa na maji mapema kuliko rangi nyingine, na ukishapita mita 10 hivi bila taa, rangi nyekundu inakaribia kutoweka. Kwenye kina cha mita 20, damu huonekana ya kijani kibichi kilichoiva au kahawia. Filamu ikionyesha wingu jekundu linalong'aa kwenye kina hicho bila tochi, imechagua kutisha badala ya kuwa sahihi. Siyo dhambi kubwa. Punguza alama pale tu filamu yenyewe inapojigamba kuwa ya kweli.

Usiku uliopigwa mchana hujulikana kwa vivuli vikali chini ya pua na kidevu, na anga iliyotiwa buluu huku jua likimetameta juu ya mawimbi. Mwendelezo nao ni kazi ya macho tu: nywele zilizokauka sekunde 10 baada ya mtu kutoka majini, jeraha la mguu linalohama kutoka kulia kwenda kushoto, bahari iliyochafuka kwa anayeongea na tulivu kwa anayejibu. Ukiona moja, nyamaza. Ukiona manne ndani ya dakika 10, umepata kifungu cha maoni yako.

Mantiki, hapo ambapo pesa haisaidii

Hapa ndipo filamu nyingi zinastahili kuchapwa, na hapa ndipo watoa maoni wengi wanapita haraka kwa kuwa wamechoka kumcheka papa.

Anza na mahali. Mtazamaji anatakiwa ajue wakati wote boti iko wapi, nchi kavu iko umbali gani, na papa anakuja kutoka upande upi. Simamisha filamu katikati ya shambulio kubwa na ujaribu kuchora ramani: boti, mwogeleaji, papa, mwamba. Usipoweza, taharuki imekufa hata kama muziki unapiga kelele. Umbali ni wa kuhesabika. Mtu wa kawaida huogelea mita 50 kwa dakika moja hadi mbili, basi ufuo ulio mita 200 ni safari ya dakika 4 hadi 8. Filamu ikimpa mhusika sekunde 30, au ikimwacha aogelee dakika 15 na bado ufuo haukaribii, taja.

Kama kuna uzamiaji, hesabu hewa. Mtungi wa kawaida wa lita 12 uliojazwa hadi baa 200 (baa ni kipimo cha shinikizo) una lita 2,400 za hewa. Mtu mtulivu hutumia karibu lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji. Juu ya maji shinikizo ni baa 1, na kila mita 10 za kina huongeza baa 1 nyingine, kwa hiyo kwenye mita 20 anatumia lita 60 kwa dakika na mtungi unaisha kwa dakika 40; kwenye mita 40 anatumia lita 100 na unaisha kwa dakika 24. Akiwa na hofu, matumizi yanaweza kuongezeka maradufu, na dakika 24 zikawa 12. Filamu inayomweka mtu aliyechanganyikiwa kwenye mita 40 kwa saa nzima na mtungi mmoja imeshindwa hesabu ambayo ingefanyika nyuma ya bahasha. Ni hasara mara mbili, kwa sababu hewa inayokwisha ni taharuki ya bure kabisa.

Kuhusu tabia za papa, chagua makosa ya kulalamikia. Papa hana kiungo cha kutoa sauti, hivyo hangurumi. Hawezi kuogelea kinyumenyume. Mifupa yake ni gegedu. Papa mweupe hukua hadi karibu mita 6. Yule wa mita 15 ni wa hadithi, na megalodoni, papa mkubwa wa kale, alishatoweka zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Kunusa tone moja la damu kutoka kilomita nyingi ni kutia chumvi. Lakini papa kupanda mtoni, ambako wengi hukucheka, kunawezekana: zipo spishi zinazostahimili maji baridi yasiyo na chumvi na zimeonekana mbali ndani ya mito. Kabla hujaandika "haiwezekani", hakikisha.

Kosa la kibayolojia linaumiza filamu pale tu linapovunja kanuni ambazo filamu yenyewe imeziweka. Mtaalamu wa kwenye hadithi akisema papa huyu anafuata mtikisiko wa maji, kisha mhusika akapiga maji kwa makasia dakika 3 na papa asije kwa sababu skripti inamhitaji mhusika awe hai, hapo umeonewa. Mngurumo, kwa upande wake, umekuwa desturi ya aina hii ya filamu, na kuulalamikia tena ni kumwambia mchekeshaji kwamba alichosimulia hakikutokea.

Maamuzi ya kijinga yapime kwa swali moja: mhusika alikuwa anajua nini wakati huo? Kuingia majini kabla ya kujua kuna papa si ujinga. Kurudi majini kufuata begi baada ya watu wawili kuliwa kunahitaji sababu iliyotajwa mapema, na simu yenye picha nzuri haitoshi.

Sauti na waigizaji

Sauti mbovu huua filamu haraka kuliko papa mbovu. Baharini upepo na injini hufunika maneno, kwa hiyo mazungumzo mengi hurekodiwa upya studio. Sikiliza kama midomo inalingana, na kama mtu aliye kwenye upepo mkali anasikika kama yumo chumbani. Angalia pia kama muziki wa hatari unapiga kila mara papa anapokuja na haupigi kamwe asipokuja. Ukifuata utaratibu huo bila kuuvunja, mtazamaji huacha kuangalia maji, anasubiri muziki.

Kwa waigizaji, usitafute vipaji vikubwa. Tafuta kama wanatazama mahali pamoja. Papa wa kompyuta huongezwa baadaye, na kila mmoja huogopa nukta yake: mmoja anakodolea macho kushoto, mwingine juu, steringi anaitazama kamera. Hilo ni kosa la mwongozaji aliyeshindwa kufunga hata kipande cha kitambaa kwenye fimbo ili wote wakitazame.

Kutoa alama

Mgawanyo ufuatao wa alama 10 unafanya kazi kwa filamu zinazotaka kutisha: taharuki 3, hadithi na mantiki 3, uigizaji 1, sauti 1, uhariri na mwendelezo 1, papa 1. Ndiyo, papa anapata moja tu. Ukimpa nne, unachopima ni akaunti ya benki ya mtayarishaji. Namna papa anavyotumiwa imeshahesabiwa ndani ya taharuki.

Kwa filamu za mzaha, badilisha taharuki iwe ubunifu wa upuuzi, yaani kama kila shambulio linaleta wazo jipya au linarudia lililopita kwa sauti kubwa zaidi. Filamu ya mzaha yenye wazo moja inachosha ifikapo dakika ya 30. Na kuna tofauti kubwa kati ya ubovu wa bahati mbaya, ambao mara nyingi huchekesha kwa sababu mtu alikuwa anajitahidi, na ubovu wa kuigiza ambao kila mwigizaji anatukumbusha kwamba anajua. Huu wa pili ni mgumu kuliko unavyoonekana, na wengi wanaoujaribu wanashindwa.

Toa alama mara mbili: moja kwa filamu, nyingine kwa jioni ya kuitazama. Ipo ya 3 kati ya 10 ambayo ukiwa na watu watano chumbani inakuwa 7. Andika zote mbili na useme ipi ni ipi.

Kuandika

Maneno 250 hadi 400 yanatosha. Sentensi ya kwanza iseme filamu ni ya aina gani na inamfaa nani. Inayofuata itoe hukumu yako, bila kuificha hadi mwisho. Kisha sababu mbili au tatu, kila moja na mfano wenye muda wake. Linganisha hizi mbili:

"Papa wenyewe vichekesho, yaani aibu tupu."

"Papa wa kompyuta anaonekana mzima dakika ya 6, kwenye maji mafupi, bila kivuli. Baada ya hapo shoti ile ile inarudi dakika ya 31 na ya 58, ikiwa imegeuzwa."

Ya pili ni kali zaidi, na haina tusi.

Usimwage mtama. Unaruhusiwa kueleza mpaka robo ya kwanza ya hadithi. Usiseme nani anakufa baada ya hapo, kwa mpangilio gani, wala papa anauawaje. Katika filamu hizi njia ya kumuua papa mara nyingi ndiyo wazo pekee jipya lililomo. Lazima uzungumzie mwisho? Weka onyo kwenye mstari wake peke yake, ruka mistari kadhaa, ndipo uendelee.

Taja angalau kitu kimoja kilichofanya kazi. Sio kwa adabu. Msomaji asiyeona sifa hata moja hudhani una kisasi na mtu, na mara nyingi kitu kizuri kipo: shoti moja ya pezi kwenye ukungu, mwigizaji mzee anayeyabeba mazungumzo mabovu kwa heshima, onyesho la dakika 2 lisilo na muziki. Lakini usibuni. Kisipokuwepo, sema hakipo.

Kusoma maoni ya wengine

Kwenye filamu hizi alama hujikusanya miisho yote miwili: wengi wa 1, wengi wa 10, wachache katikati. Alama 10 zilizotoka siku moja na tarehe ya kuachiwa, zenye maneno kama "waigizaji wamefanya kazi nzuri sana" bila jina la mhusika hata mmoja, zisome kwa tahadhari. Alama 1 zinazolalamikia posta pia. Nenda kwenye 4 hadi 7. Huko ndiko wanakoandika watu waliomaliza kutazama.

Jua namba unayoisoma ni namba gani. Asilimia ya Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki, ni sehemu ya wahakiki waliotoa maoni chanya, haisemi waliipenda kiasi gani. Filamu ambayo kila mtu ameiona "si mbaya" inaweza kuwa na asilimia ya juu kuliko ile iliyopendwa mno na nusu na kuchukiwa na nusu. IMDb, tovuti ya filamu ambako watazamaji hupiga kura, hutoa wastani uliopimwa kwa uzito, si wastani wa kawaida, na hapo inafaa kufungua mgawanyo wa kura kuliko kuishia kwenye namba kubwa. Kura zikiwa chache, dazeni chache tu, namba hiyo iache.

Hakikisha pia mnazungumzia filamu moja. Filamu za papa za bajeti ndogo hubadilishwa majina kutoka soko moja hadi jingine, na majina yenyewe yanafanana kupita kiasi. Linganisha mwaka, mwongozaji na urefu wa dakika. Dakika zikitofautiana kwa 5 au zaidi, huenda kuna toleo lililokatwa, na lawama ya "shambulio limekatika ghafla" inaweza kuwa ya aliyekata kwa ajili ya televisheni. Kwenye maoni yako andika umetazama toleo la dakika ngapi.

Mtu akikujibu kwamba shoti ya dakika ya 58 haijarudiwa, rudi uitazame kwa mwendo wa fremu moja moja. Akiwa sahihi, rekebisha maoni na uache alama ya masahihisho ionekane. Akiwa amekosea, mpe muda wa shoti zote mbili, na umwonyeshe kovu liko ubavu upi katika kila moja.